Niliyojifunza Kwenye Meza ya Madai ya Bima

Katika miji yetu ya mpakani, mashariki mwa Uganda, kijana anayekamatwa sokoni na simu ya wizi hupigwa kabla polisi hawajafika. Mtu aliyejipatia mamilioni kutoka kampuni ya bima kwa ajali ambayo haikutokea kama alivyoieleza, yeye huketi jioni kwenye steji ya magari akasimulia hatua kwa hatua jinsi alivyofanikiwa, na wanaomsikiliza humsifu kuwa ni mwerevu. Nimekuwa wakala wa bima Tororo na Malaba kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya utu uzima. Nilianza kwa kuuza stika za magari, baadaye nikawa mtu wa kupokea madai na kuyafuatilia mpaka yalipwe au yakataliwe, na katika kazi hiyo hakuna jambo lililonifikirisha kuliko tofauti ya hukumu ambayo jamii moja huwapa watu hao wawili. Siamini kwamba watu wetu hawajui wizi ni nini. Naamini wanaujua vizuri sana pale wanapomwona aliyeibiwa, na kwenye bima hawamwoni.

Lazima kwanza ieleweke bima ni kitu gani machoni pa mtu wa kawaida hapa. Kwa miaka mingi, malipo yote ya bima yanayokusanywa Uganda hayajafikia asilimia 1 ya pato la taifa, na kwa raia wengi mahali pa pekee wanapokutana na bima ni kwenye kioo cha mbele cha gari. Sheria ya bima ya magari ya mwaka 1989 inamtaka kila mwenye gari au pikipiki inayotembea barabarani awe na bima ya kumlinda mtu wa tatu, yaani yule atakayegongwa au kuumizwa na chombo hicho, na ushahidi wa bima hiyo ni stika. Dereva anayekwenda Kampala kupitia Bugiri na Iganga huinunua kwa sababu afande wa trafiki ataiangalia. Akishaonyesha stika na kuruhusiwa kupita, kwake bima imemaliza kazi. Sijapata kumsikia dereva akisema kwamba fedha alizotoa zimeingia katika mfuko mmoja na za madereva wengine ili siku moja zimtibu mpita njia. Wengi huihesabu kuwa kodi nyingine, na kodi, kwa fikra za wengi, ni pesa iliyokwisha kupotea.

Sheria hiyohiyo iliweka kikomo cha fidia kuwa shilingi milioni 1 kwa mtu mmoja na shilingi milioni 10 kwa ajali moja, na kikomo hicho kikaachwa hivyo miaka na miaka huku thamani ya shilingi ikishuka. Mtu aliyevunjika paja akapelekwa Mbale kuwekewa vyuma anajua milioni 1 inaishia wapi. Naitaja hesabu hii mapema kwa sababu ndiyo iliyonifundisha zaidi ya mafunzo yote niliyopewa na kampuni, na ningependa msomaji aifuate polepole.

Teksi ya abiria 14 ilipinduka kwenye barabara ya kutoka Tororo kwenda Mbale, ikiwa imejaa. Hakuna aliyefariki, Mungu ashukuriwe, lakini karibu wote waliumia, na miongoni mwao alikuwamo mama mmoja muuza mukene, yaani dagaa, aliyekuwa akirudi sokoni na magunia yake, ambaye nyonga yake ilivunjika. Madai yalipofika mezani kwangu, orodha ya majeruhi ilikuwa na majina 20. Karatasi ilikuwa imeandikwa kwa kalamu mbili: majina ya juu kwa wino wa bluu, yamebanana kama mtu anavyoandika akiwa amesimama kando ya barabara, na ya chini kwa wino mweusi, kwa mwandiko uliotulia, kila jina na nambari yake ya simu. Watu wazima 20 hawaenei katika teksi ya abiria 14 hata wakipakatana. Nikamwita mwenye gari, naye akaja pamoja na konda na wawili kati ya wale walioandikwa kwa wino mweusi, wote wakiwa wazima wa afya.

Mwenye gari hakukana lolote. Alizungumza nami kwa heshima, kama mtu anayemweleza dada yake jambo ambalo dada anapaswa kulielewa bila kuelezwa. "Mama," aliniambia, "hawa ni watu wetu. Kampuni ina majengo Kampala. Wewe inakuuma nini wao wakipata cha kununulia sukari?" Wale wawili waliitikia kwa vichwa. Sikuona haya usoni mwao, wala sikuona ukaidi. Waliamini kwa dhati kwamba hawamchukulii mtu chochote.

Niligeuza karatasi, nikawaandikia hesabu nyuma yake. Kikomo cha ajali nzima ni milioni 10. Wakigawana sawa abiria 14, kila mmoja hupata shilingi 714,000 na ushei. Wakigawana watu 20, kila mmoja hupata 500,000. Kampuni italipa milioni 10 ileile, haitaongeza wala kupunguza hata shilingi moja. Nikawauliza: hizo laki mbili na zaidi zinazopungua kwa kila aliyeumia, zinatoka kwa nani? Mmoja wa wale wawili, mwanamke wa makamo, alikuwa jirani wa muuza mukene. Aliitazama karatasi kwa muda, akamuuliza konda kama ni kweli, konda akanyamaza. Akaniomba kalamu, akalifuta jina lake mwenyewe. Mwenzake hakufuta. Alisema yeye hawajui waliokuwa ndani ya gari lile, na kwamba kama haki ni haki basi serikali ingeongeza kiwango cha fidia. Juu ya kiwango nilikubaliana naye kabisa, lakini jina lake sikulipeleka.

Nimelirudia tukio hilo mara nyingi katika kuwafundisha mawakala vijana, na kila mara nasisitiza kwamba yule mwanamke hakubadilishwa na sheria. Sheria yetu ya makosa ya jinai inampa kifungo cha hadi miaka 5 mtu anayejipatia fedha kwa udanganyifu, na nina hakika aliyajua hayo kwa jumla kama sote tunavyoyajua. Kilichombadilisha ni kumwona jirani yake ndani ya ile hesabu.

Kwa kipimo hicho, watu wetu ni waaminifu kuliko wanavyosemwa. Karibu kila kijiji cha eneo hili kina kikundi cha kuzikana. Buganda wana munno mukabi, Ankole na Kigezi wana engozi, vikundi vilivyotokana na desturi ya kumbeba mgonjwa kwa machela hadi hospitalini, na huku kwetu kila mtaa una jina lake la kikundi. Mwanachama hutoa mchango mdogo kila mwezi. Akifiwa, kikundi huleta sufuria, maturubai, viti, posho (unga wa ugali) na maharage, na fedha taslimu za jeneza. Ukikitazama kwa macho ya kazi yangu, kikundi hicho ni bima kamili: kuna mchango, kuna mfuko, kuna tukio linalofungua mfuko, kuna hata adhabu kwa aliyechelewa kuchangia. Ningetarajia udanganyifu uwe mwingi huko kuliko kwa makampuni, kwa sababu hakuna mkaguzi wala polisi. Lakini katika kikundi ninachoshiriki mimi mwenyewe, jaribio la kudai msiba usiokuwapo halijawahi kutokea katika kumbukumbu ya wazee wetu, na mtu aliyewahi kudai nauli ya msiba wa kweli zaidi ya ile aliyoitumia alisemwa hadharani mbele ya mkewe hadi akairudisha.

Sababu inaonekana mtu akihudhuria mkutano mmoja tu. Mweka hazina, mjane mzee tunayemwita Hajati, hufungua daftari lake lenye jalada jeusi na kulisoma kwa sauti kutoka mstari wa kwanza: fulani ametoa, fulani hajatoa, nyumba ya fulani ilipokea kiasi hiki tarehe hii, kilichobaki ni hiki. Hakuna asiyejua fedha zimetoka kwa nani na zimekwenda kwa nani. Anayetaka kudanganya atadanganya akiwa anawatazama machoni wanaolipia uongo wake.

Aina nyingine za uongo ninazokutana nazo nitazitaja kwa ufupi, kwani kila aliyewahi kumiliki gari anazifahamu. Wapo wanaogonga kwanza, kisha wakakimbilia kununua stika na kuomba iandikwe tarehe ya jana. Wapo wanaobadilisha dereva: aliyekuwa kwenye usukani hana pamiti, yaani leseni ya udereva, kwa hiyo anatafutwa ndugu mwenye pamiti, naye anakwenda polisi kueleza ajali ambayo hakuiona. Wapo mafundi wa gereji. Hawa nawajua vizuri, kwa kuwa nimelazimika kwenda kukagua magari pamoja na mkadiriaji wa hasara, na nimejifunza kupitisha kidole kwenye bodi. Mbonyeo mpya huacha chuma cheupe kinachong'aa, na rangi iliyobanduka ina makali. Mbonyeo wa mwaka jana una kutu ya kahawia kwenye mikunjo na vumbi lililogandamana ambalo halitoki kwa kufuta. Fundi huandika vyote viwili katika makadirio, bampa ya leo na mlango wa mwaka jana, kisha humwambia mwenye gari kwamba ndivyo makadirio yanavyoandikwa siku zote. Mwenye gari anayesita huambiwa kwamba kampuni itapunguza tu hata akiandika kweli, kwa hiyo ni afadhali aongeze mapema.

Maneno hayo ya mwisho yana ukweli ndani yake, na hapo ndipo ninapotofautiana na wenzangu wa Kampala wanaodhani kwamba dawa ya tatizo hili ni wapelelezi na mahakama peke yake. Kipo kizazi kizima cha wateja ambao walisema kweli wakaumizwa kwa kusema kweli, na mimi niliwashuhudia.

Mzee mmoja mfanyabiashara alikuwa na lori la kubeba saruji, nalo lilikuwa na bima kubwa, ile inayolilinda gari lenyewe. Lori lilianguka usiku karibu na Bugiri. Mzee alileta kila kilichotakiwa kwa wakati: ripoti ya polisi, taarifa ya mkaguzi wa magari, pamiti ya dereva, risiti za kulivuta lori. Katika fomu aliandika mwenyewe kwamba tairi mbili za nyuma zilikuwa zimechakaa, jambo ambalo hakuna ambaye angelijua baada ya lori kuungua upande mmoja. Kampuni ile, ambayo sitaitaja, ilikaa na faili lake zaidi ya mwaka. Kila alipouliza aliambiwa kuna karatasi moja imebaki, na akiileta inatajwa nyingine. Hatimaye ililipa kiasi pungufu sana, bila barua ya kueleza upungufu umetokana na nini, na kwa simu akaambiwa kwamba ni kwa sababu ya zile tairi. Wakati huo alikuwa ameuza kiwanja chake ili alipe mkopo wa benki.

Baada ya muda mzee huyo alipata ajali nyingine ndogo na pikapu yake. Makadirio aliyoniletea yalikuwa na vitu ambavyo havikuwahi kuguswa na ajali ile. Nilipomwonyesha, hakukasirika. Alisema, "Mama, mwaka ule walichukua changu. Mimi sasa nachukua changu." Nilikataa kuipeleka fomu hiyo, akaenda kwa wakala mwingine. Sikubaliani naye hata kidogo, kwa kuwa fedha alizozifuata hazikuwa zake tena, zilikuwa za wateja wengine ambao hawakumkosea lolote. Lakini siwezi kujifanya kwamba sielewi aliyasemaje maneno hayo bila kupepesa macho, na kila ninaposikia mtu wa bima akilalamika kwamba Waganda ni wadanganyifu, namkumbuka mzee aliyeandika habari za tairi zake kwa mkono wake.

Sheria ya bima tuliyoirithi kutoka Uingereza imejengwa juu ya nia njema ya hali ya juu, yaani mwenye kukata bima lazima aseme yote anayoyajua kuhusu hatari anayotaka kukingwa nayo. Mawakala hufundishwa kwamba msingi huo uliwekwa na Jaji Mansfield mwaka 1766 katika kesi ya Carter dhidi ya Boehm. Kinachoachwa mara nyingi ni jinsi kesi ilivyokwisha. Carter alikuwa gavana wa ngome ya Waingereza katika kisiwa cha Sumatra, akaikatia bima dhidi ya kutekwa na adui wa kigeni, na mwaka 1760 Wafaransa wakaiteka. Boehm, mtoa bima, alikataa kulipa, akidai kwamba Carter alificha udhaifu wa ngome na uwezekano wa kushambuliwa. Jaji alieleza kwa urefu wajibu wa kusema kweli, kisha akampa Carter ushindi, kwa hoja kwamba mtoa bima naye hawezi kupokea ada ya bima akiwa anayajua mambo hayo, au akiwa na njia ya kuyajua, kisha akayageuza kuwa kisingizio siku ya kulipa. Wajibu ule, tangu siku ya kwanza, ulizifunga pande zote mbili. Nimewasomea habari hiyo wateja wengi kwa Kiswahili, na wengi hushangaa, kwa sababu katika maisha yao nia njema imekuwa ikidaiwa upande wao tu.

Isidhaniwe kwamba mtazamo huu ni ugonjwa wa Waafrika au wa maskini. Marekani, nchi ambako karibu kila mwenye gari ana bima na mahakama zinafanya kazi, uchunguzi wa kampuni ya Accenture wa mwaka 2003 ulionyesha kwamba karibu mtu 1 kati ya 4 aliona si vibaya kuidanganya kampuni ya bima. Shirika lao la upelelezi, FBI, limekadiria kwamba udanganyifu katika bima zisizo za afya unazidi dola bilioni 40 kwa mwaka, na kwamba familia ya kawaida hulipa kati ya dola 400 na 700 zaidi kila mwaka katika ada kwa sababu hiyo. Utafiti mwingine wa huko, uliofanywa mwaka 1997 na muungano unaopambana na udanganyifu wa bima, uliwagawa watu katika makundi manne: wanaolichukia kosa lenyewe bila udhuru wowote, wanaolikubali kwa kuwa ndivyo dunia ilivyo, wanaolifanya kwa kuwa wanaamini kila mtu analifanya, na wanaolihalalisha kwa kuwa wanayachukia makampuni. Niliposoma maelezo ya makundi hayo niliweza kuweka sura ya mtu wa Tororo katika kila kundi. Yule mzee wa lori yumo katika la mwisho. Wengi wa madereva wangu wamo katika la tatu, na hao ndio wanaonipa matumaini, kwa sababu mtu anayedanganya kwa kudhani kila mtu anadanganya hubadilika akigundua kwamba sivyo.

Ushahidi wangu wa hilo unatoka katika bima ya matibabu. Shule moja ya binafsi iliwakatia walimu wake bima hiyo, kila mmoja akapewa kadi ya kumtibu yeye, mwenzi wake na watoto. Baada ya muda mfupi kadi zilianza kutembea. Mwalimu alimpa mdogo wake, mdogo akampa shemeji, na wahudumu wa kliniki, wanaolipwa kwa idadi ya wagonjwa, hawakuuliza maswali. Hapa ndipo hukumu inapokuwa ngumu, nami sipendi watu wanaoizungumza kwa wepesi. Mwalimu anayemnyima kadi mtoto wa dada yake mwenye malaria, huku ameiweka mfukoni, ataonekana katili katika ukoo, na atajiona katili yeye mwenyewe. Hakuna mwalimu hata mmoja aliyeuita mwenendo huo udanganyifu. Waliuita msaada.

Mwisho wa mwaka kampuni ya bima iliangalia gharama ikatoa masharti mapya: ama shule iongeze ada kwa kiasi kikubwa, ama kiwango cha matibabu ya kutwa, yale yasiyo ya kulazwa, kwa kila familia kipunguzwe, na uzazi kwa upasuaji uondolewe kabisa. Mkuu wa shule aliniomba nije kwenye mkutano wa walimu. Nilikuja na jedwali lisilo na jina la mtu wala ugonjwa wowote, likionyesha tu ni mara ngapi familia ya wastani ilitibiwa na fedha zilizobaki kila mwezi. Kulikuwa na kelele nyingi. Wengine walisema kampuni inatafuta sababu ya kupandisha bei, na siwezi kusema kwamba jambo hilo haliwezekani. Ndipo mwalimu mmoja kijana aliyekuwa mjamzito akasimama. Alisema kwamba mtoto wake wa kwanza alizaliwa kwa upasuaji, kwamba huyu wa pili daktari amemwambia atazaliwa hivyohivyo, na kwamba hajawahi kumwazima mtu kadi yake. Akauliza ni nani mle chumbani atakayemsaidia kulipa. Hakumtuhumu yeyote. Mwalimu mkuu wa taaluma, mzee anayeheshimiwa, ndiye aliyejibu: alipendekeza walimu waanzishe mfuko wao wa dharura kwa ajili ya ndugu wasio kwenye bima, kila mmoja achangie kidogo kila mshahara, na kadi zibaki kwa wenye kadi. Mfuko huo upo hadi leo na unasuasua, kuna miezi haupokei chochote, lakini kadi zimeacha kutembea kwa kiwango kile, na huduma ya uzazi haikuondolewa.

Naona faida kubwa katika pendekezo la mzee yule, kwani lilikubali kwamba haja ya mtoto wa dada ni ya kweli. Mahubiri dhidi ya udanganyifu yasiyoitambua haja hiyo hupita juu ya vichwa vya watu. Serikali yenyewe, katika bima ya kilimo iliyoanza mwaka wa fedha wa 2016/2017 kwa ruzuku ya shilingi bilioni 5 kwa mwaka, ilikubali kumlipia mkulima mdogo nusu ya ada yake, na asilimia 80 kwa walio katika maeneo yenye majanga ya mara kwa mara, kwa kutambua kwamba hawezi kuimudu peke yake. Sioni kwa nini fikra hiyohiyo isiguse kikomo cha fidia cha milioni 1.

Jambo la stika bandia siwezi kuliacha. Zipo zinazouzwa kwa bei ya chini, na wapo wanaozinunua wakijua, kwa hoja ileile kwamba stika ni ya kumwonyesha afande. Mwendesha boda boda mmoja wa Malaba aligongwa na gari lenye stika ya namna hiyo. Familia yake ilileta nambari ya stika kwangu, nikaipeleka kwa kampuni iliyotajwa juu yake, na ikawa haimo katika vitabu vyao. Mwenye gari alikuwa hana kitu cha kukamatwa mahakamani. Mguu ulikatwa chini ya goti, na gharama yote ililipwa na chama cha boda boda cha steji yake na kaka zake waliouza ng'ombe. Kwa hiyo mtu aliyeokoa fedha kidogo kwa kununua karatasi ya uongo alizichukua, kwa hesabu yoyote ile, kutoka zizi la familia hiyo.

Tangu hapo nimekuwa nikifanya jambo ambalo nimelichukua moja kwa moja kutoka kwa Hajati wetu na daftari lake. Nimeyaandikia makampuni ninayoyauzia bima, nikaomba kila mwisho wa mwaka yaniruhusu kusoma hadharani, kwenye steji za Tororo na Malaba, fedha zilizolipwa kwa watu wa eneo hili: ajali ilikuwa barabara gani, waliolipwa walikuwa wangapi, walilipwa kiasi gani, ilichukua muda gani, bila kutaja jina la mtu. Mengi yamejibu kwamba hiyo ni siri ya wateja. Kampuni moja imekubali, kwa steji moja tu, na nimekwisha kusoma. Madereva walisikiliza wakiwa wamesimama, wengine wakiwa na stika zao mkononi, na baadhi walitambua ajali ninayoisoma wakaongeza wenyewe habari za majeruhi, nani amepona na nani bado anatembea kwa magongo.

Nilipomaliza, konda mmoja aliuliza kwa nini sikusoma pia madai yaliyokataliwa mwaka huo, na kila moja lilikataliwa kwa sababu gani. Wenzake wakamuunga mkono kwa sauti. Niliwaambia kwamba orodha hiyo sikupewa. Nimeiomba kwa maandishi, nimeambatanisha sahihi za madereva waliokuwapo siku ile, na nakala moja nimeipeleka kwenye kitengo cha malalamiko cha Mamlaka ya Udhibiti wa Bima huko Kampala. Kampuni imejibu kwamba barua inashughulikiwa, na madereva wananiuliza kila ninapopita stejini.